Mashine ya Marehemu Pontien

Patrice ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kompyuta chafu akainyamazia. Mpelekee yako akubadilishie kebo tu, atakurudishia ikiwa imefutwa vumbi, vitufe vimesuguliwa kwa pamba na alkoli, virusi vyote vimefagiliwa, wala hatakuambia. Nimekaa naye baraza moja karibu na gare ya treni ya Kalemie miaka kumi na mmoja, mimi nikichapa barua za watu, yeye akitengeneza mashine zao na kuchapa picha. Nilikuwa nikimtania kwamba siku ya kiyama atamwomba Mungu kitambaa kwanza. Alicheka. Siku hizi simtanii tena.

Baba yake alikuwa fundi wa reli, mtu wa Niemba, na alimfundisha kwamba kifaa cha mtu hukirudishi kama kilivyokuja, unakirudisha kikiwa bora. Patrice alilishika neno hilo kama wengine wanavyozishika amri kumi. Mimi sioni ubaya wake hata leo, na ndiyo maana linaniuma.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, boti moja iliyotoka hapa kwenda Moba ilizama alfajiri ya tarehe kumi na moja. Ndani yake alikuwamo Papa Pontien, karani wa boti hiyo, mtu mpole aliyeandika majina ya abiria na kusafiri nao. Maiti yake ilipatikana siku ya pili. Tarehe kumi na tatu mkewe, Mama Pélagie, akaja barazani kwetu na kompyuta ya mumewe imefungwa ndani ya kitenge. Alitaka picha ya kuweka kando ya jeneza. Hapa kwetu, kumzika mtu bila picha yake ni kusema hakuwa na watu.

"Papa Patrice, iko picha ya siku ya ubatizo ya mutoto," alisema. "Alivaa koti. Unitafutie ile."

Patrice aliwasha mashine, akaitafuta picha, akaichapa kubwa. Na kwa kuwa mkono wake umezoea, akapitisha dawa ya virusi. Vilikuwamo vingi, vimeingia hata kwenye mafaili ya kazi. Dawa ikavitoa kimoja kimoja. Alipomaliza akaiondoa na dawa yenyewe, ili isiilemee mashine. Akamkabidhi mjane kompyuta safi, akalia naye.

Matanga hayajaisha, mwenye boti akatangaza kwamba yeye aliruhusu abiria sitini na wawili, na karatasi anayo. Waliozidi, alisema, walipakiwa na Pontien kwa siri. Watu wengi walikuwa wamekufa, ndugu zao walitaka wa kumlaumu, na marehemu hajitetei. Mama Pélagie akifika bombani, wanawake walinyanyua ndoo zao wakaondoka. Shuleni watoto wake waliitwa watoto wa muuaji.

Lakini mjane alijua jambo. Kabla ya kupanda boti, Pontien aliandika orodha ya kweli kwenye kompyuta nyumbani, akamsomea: watu mia moja thelathini na mmoja, na chini yake maneno kwamba mwenye boti ameambiwa, naye amesema waende tu. Orodha ile ilikuwa ndani ya mashine. Mama Pélagie akaipeleka mahakamani, tribunal, kwa mikono yake, na tribunal ikamwita mtaalamu wa kompyuta kutoka Lubumbashi, mama mmoja aitwaye Émérence.

Siku ya kuifungua, Mama Pélagie alituomba tumsindikize, mimi na Patrice. Émérence aliitoa diski ndani ya kompyuta, akaiunganisha na kisanduku cheusi kisichozidi kiganja, kisha kisanduku akakiunganisha na mashine yake. Patrice, fundi ni fundi, akasogea.

"Hiki kiko cha kazi gani, Mama?"

"Kinaacha mashine yangu isome, kinaikataza kuandika," alijibu. "Ukiingiza diski ya muntu hivi hivi, kompyuta inaandika juu yake yenyewe, hata kama wewe haukugusa kitu. Inabadilisha tarehe, inaacha alama zake. Mimi nafanya kopi nzima kwanza, na kopi njo nasoma."

Patrice alirudi nyuma, akaitazama ile diski. 

Orodha ilikuwapo, majina yote, na maneno ya chini vilevile. Mama Pélagie alipiga magoti pale pale akamshukuru Mungu kwa sauti. Émérence hakufurahi.

"Mama, bwana yako alikufa tarehe ngapi?"

"Kumi na moja."

"Faili hii inaonyesha iliandikwa mara ya mwisho tarehe kumi na tatu, saa tano ya asubuhi."

Patrice ndiye aliyejibu. "Njo mimi, ni mimi. Nilipitisha dawa ya virusi. Sikuandika kitu, Mama, naapa."

"Nakuamini," alisema Émérence. "Dawa ilifungua faili, ikatoa virusi, ikaiandika upya. Lakini dawa yenyewe uliiondoa, sina cha kuonyesha kwamba ni yenyewe. Papa, uliosha maiti kabla munganga hajaona vidonda."

Siku ya kesi, wakili wa mwenye boti aliuliza kama marehemu alitoka mochwari kwenda kuchapa orodha. Watu wakacheka, na mimi sijawasamehe. Émérence alieleza yote kwa uaminifu. Kisha jaji akamsimamisha Patrice, akamuuliza kama anaweza kuthibitisha kwamba tangu marehemu afe hadi siku ile hakuna mtu aliyeongeza hata jina moja.

Niliomba aseme ndiyo. Mimi ni mtu wa kanisa, na ningedanganya bila kupepesa jicho. Patrice alitazama mikono yake.

"Hapana, Bwana juge. Siwezi."

Orodha ikawekwa kando. Hukumu ikaandika kwamba boti ilijazwa na karani wake, bila mwenye boti kujua.

Émérence alimwachia Patrice kisanduku kimoja cha zamani na akamwonyesha kukitumia. Sasa mashine ya mtu aliyekufa vibaya haiwashi, hata aombwe vipi, mpaka diski ipite kwenye kisanduku na kopi ifanywe. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Ukoo wa kijana mmoja aliyekufa, Cédrick, ulikataa kusubiri, ukazika bila picha, na mpaka leo wanamtukana wakipita. 

Mama Pélagie hakukaa Kalemie kuyaona hayo. Wiki mbili baada ya hukumu alifunga mizigo kwenda kwa kaka yake Nyunzu. Tulimsindikiza gare, Patrice akiwa amebeba godoro kichwani. Alipolitua alianza kuomba msamaha, akalia.

"Usilie, Papa Patrice," alisema Mama Pélagie. "Sina kasirani na weye. Mimi namujua bwana yangu. Lakini kule Nyunzu, ku masomo, batoto nitabaandikisha kwa jina ya kaka yangu."

Alipanda treni, akawavuta watoto wake watatu mmoja mmoja. Pontien hakuwa na ndugu wala mtoto mwingine duniani wa kubeba jina lake.