Mbunge Niliyempeleka Al Sadd Kuniposea

Jamani, hii habari huwa siisimulii tumbo likiwa tupu, maana aibu yake bado inanikata, na kama rafiki yangu Omondi hangekuwa ameshaitangaza Doha nzima kwa namna yake (ya chumvi nyingi) ningekufa nayo moyoni. Lakini afadhali muisikie kwangu mimi niliyeaibika.

Wakati huo nilikuwa dereva wa kampuni moja ya magari ya kukodi, tunalala watu sita chumba kimoja kule Muaither, na metro ilikuwa bado mashimo na mabati barabarani. Nilikuwa nampenda Mwende, nesi, Mkamba mwenye kicheko ambacho kikikupata hulali. Naye alinipenda (alisema mwenyewe, sikumlazimisha). Shida ilikuwa kaka yake, Mutinda, mtu wa kompyuta aliyekuwa na nyumba yake Al Sadd, na ambaye pale ugenini ndiye aliyesimama badala ya baba yao. Huyo alikuwa ameshatoa amri: anayemtaka dada yake alete wazee waongee kama watu, hataki kijana wa kuja na soda mkononi.

Wazee! Nyinyi mliokaa Doha mnajua, Wakenya wa pale wote ni vijana, na ukimwona mwenye mvi ujue ni mawazo, si umri. Baba yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, wajomba zangu walikuwa Bungoma na hawajui pasipoti ina rangi gani. Mwende akanishauri niende tu hivyo hivyo, nijieleze, kaka yake ni mgumu lakini ana utu. Mimi nikaona hapana, mwanamume haendi kuposa peke yake kama mtu anayeomba kibarua.

Ndipo Mungu (au yule mwingine) akaniletea Mzee Desmond. Mwingereza, mvi kichwa kizima, amevaa koti la suti kwenye jua la kukaanga yai, amekuja kumtembelea binti yake aliyekuwa mwalimu pale mjini, na binti akienda kazini ni mimi namzungusha mzee kwa gari. Sasa huyu mzee alikuwa na masharubu makubwa na sauti ndogo, kwa hiyo maneno yalikuwa yanachujwa kabla hayajakufikia. Siku moja tukiwa kwenye foleni akaanza kunieleza habari ndefu, na mimi nikadaka vitu vitatu tu: bunge, mji wetu wa Harnsby, miaka ishirini. Hapo nilitakiwa kuuliza, "Samahani mzee, umesemaje?" Sikuuliza. Nikamwambia "Yes, sir," kama ninavyomwambia kila abiria, na kichwani mwangu nikamwapisha palepale: Mheshimiwa, mbunge wa Harnsby, miaka ishirini bungeni!

Nikamwambia kuna watu wangu Al Sadd ambao siku ya Ijumaa wangefurahi sana kumsikia akizungumza. Machozi yakamlengalenga, akaniuliza kama nina hakika, maana hata binti yake akimwona anafungua mdomo juu ya mambo hayo hukimbilia jikoni. Nikamhurumia, nikasema kumbe hata Ulaya mbunge akishastaafu hakuna anayemtaka.

Omondi, ambaye angenisindikiza, alipoambiwa alishika kichwa. "Manze! Unaleta Mhesh wa Uingereza? Mutinda atakupea dada na fridge juu yake!"

Na kweli Mutinda aliposikia neno mbunge alibadilika, akanunua mapazia mapya, akapika pilau ya nyama ya mbuzi, na siku yenyewe tukamkuta amefunga tai ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwende alikuwa amevaa kitenge cha samawati, ananiangalia kwa jicho la kuuliza, "Huyu umemtoa wapi?" Nikamkonyeza atulie.

Tulipomaliza kula, Mutinda akasimama. (Mazungumzo yote yalikuwa ya Kiingereza, mimi nawapa kwa Kiswahili.) "Mheshimiwa, karibu kwetu. Kwa desturi yetu hatuongei ya mbele kabla hatujajua ya nyuma. Tunaomba kwanza utupe historia."

Alimaanisha historia yangu mimi, jamani. Ukoo wangu, mwenendo wangu.

"Historia!" Mzee Desmond akainuka, uso unang'aa. "Sikutegemea mngetaka tuanzie mwanzo kabisa. Vizuri sana. Mwanzoni walikuwa wawili."

"Wawili?" Mutinda akakunja uso.

"Wawili, kwa miaka mingi. Siku hizo ilikuwa jambo la kawaida, hakuna aliyeshangaa. Mmoja aliletwa na familia ya kitajiri, yule mwingine ndiye waliyejichagulia wenyewe, ingawa kusema kweli pombe ilichangia."

Mutinda akanigeukia. Mwende naye akanigeukia. Na mimi, wallahi, nikaanza kujikagua, nikajiuliza huyu mzee amezungumza na nani huko Bungoma, maana sikuwa na mke hata nusu!

"Kaka, ngoja nieleze, mimi sina…"

"Nyamaza, mzee anaongea," Mutinda akanikata. "Mheshimiwa, na hao wawili wako wapi sasa?"

"Oh, wa pili tulimwondoa zamani. Uwezo ulikuwa umepungua, ikaonekana mmoja anatosha."

"Kwa hiyo mmoja bado yupo."

"Yupo, lakini nyumbani haonekani! Majirani wanalalamika. Anakaa zake mji mkuu, anapendeza kwenye picha, ukimwandikia hajibu."

"Ana watoto?"

"Watatu, nadhani. Mkubwa anasomea sheria."

Omondi akaacha kutafuna. Mwende akainuka, akaingia jikoni, na tukasikia masufuria yakiongea kwa niaba yake. Nilimfinya mzee kwenye kiwiko, akadhani nampongeza, akanipigapiga begani na kuendelea. "Mimi binafsi nimechoka naye. Alituahidi daraja, liko wapi? Mara hii simpigii kura."

Mutinda akakaa chini taratibu. "Kura?"

"Ndiyo, kura. Si nawaeleza juu ya wabunge wa Harnsby? Ni miaka ishirini nachimba habari zao, kuanzia wale wa enzi za kale mji ulipokuwa ukipeleka wawili bungeni. Si ndicho mlichoniitia?"

"Kwani wewe si mbunge?"

"Mimi?" Mzee akatuangalia mmoja mmoja. "Nilikuwa nauza viatu."

Mutinda akalegeza tai yake, akanigeukia. "Wafula. Umeniletea mbunge ambaye si mbunge, mzee ambaye si wa kwenu, na historia isiyokuhusu. Sasa wewe mwenyewe umekuja, ama umetuma mtu?"

Nilitamani sakafu inimeze na pilau yake. Lakini nilipoona Mwende amerudi mlangoni, mwiko mkononi, macho mekundu, nikajua nikinyamaza tena nimempoteza. Nikasema nimekuja. Nikasema mimi ni dereva, nalala chumba cha watu sita, baba hayupo, mzee wa kunisemea sina, mke sina wala sijawahi kuwa naye, na niliogopa nikija hivi nilivyo nitafukuzwa mlangoni. Na msiniulize kama nililia, muulizeni Omondi, atawaongezea.

Omondi alikuwa amemnong'oneza mzee kilichokuwa kikiendelea, na mzee amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Akaomba radhi, hasa kwa Mwende, kisha akasema, "Nimewasoma wabunge wetu wote, na sijapata hata mmoja aliyesimama akakiri kosa mbele za watu."

"Huyu amekiri kwa sababu ameshikwa," Mutinda akasema.

"Wao pia walishikwa," mzee akajibu.

Mutinda akajaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani. Mwende hakucheka. Aliniambia nimsindikize mzee kwake, halafu nirudi kuosha vyombo vyote, kisha ndiyo ataamua kama tunaongea. Nilirudi mbio, nikaosha, hata ambavyo havikutumika. Kaka yake akanipa mwezi mzima wa kujifikiria, kisha nirudi na nafsi yangu pekee, na nikarudi, na akakubali.

Tangu siku hiyo nimekula kiapo kwamba nisichosikia nauliza, hata mara tatu, hata abiria akasirike. Lakini kiapo kimechelewa, ndugu zangu, kwa sababu siku ileile, pale alipoingia jikoni akiamini nina mke, Mwende kwa hasira alikuwa ameshapiga simu kwao Machakos, na habari ikifika Machakos hairudishwi. Tulipofunga ndoa kule, mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi, bibi yake Mwende, mama mtu mzima mwenye fimbo, akainuka kwenye benchi la mbele, kanisa zima likamgeukia, naye akauliza kwa upole kabisa, "Na yule mwenye watoto watatu, mmemwambia?"