Jamvi la Watoto Wanne

Jamvi lenyewe lilikuwa langu, nililisuka kwa mikono yangu. Nasema hivi si kwa kujisifu, ila baadaye palitokea maneno kwamba nilichukua mali ya misheni, na si kweli.

Nilisoma miaka mitatu tu, katika shule ya misheni ya kijijini kwetu, kando ya mto, kati ya Ngao na Kau. Nilipofiwa na mume wangu wakanipa kazi ya kufagia darasa. Katika kufagia nikawaona watoto wanne waliokaa nyuma kabisa, ambao bwana mwalimu aliwaita wavivu. Sikuwa na elimu ya kumbishia, lakini macho ninayo. Wa kwanza hakuwa mvivu, alikuwa hasikii: ukimwita kwa nyuma hageuki, ukimwita kwa mbele anatazama midomo yako. Wa pili ukimpa maneno mawili anayashika, la tatu likiingia la kwanza limetoka. Wa tatu alikuwa na kifafa. Akianguka wenzake hukimbia, na akiamka somo lote la siku hiyo limepotea.

Wa nne alikuwa binti wa kaka yangu. Mdomoni alikuwa hodari, hata wazee aliwajibu. Ila herufi za ubaoni zilimchezea: leo anaijua, kesho anaitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Dada yake mkubwa hakuwa hivyo. Yule alisoma upesi mno, Wazungu wakamchukua pwani akasomeshwe zaidi, na mpaka wakati ninaousimulia mto ulikuwa umefurika mara mbili bila yeye kurudi.

Nilimwomba bwana mwalimu anipe hao wanne. Alicheka, kisha akasema, "Chukua, mama, hutawaharibu zaidi ya walivyo." Nikatandika jamvi langu nyuma ya jiko la shule.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na udongo naujua. Nikafinyanga herufi moja moja, kubwa kama kiganja, nikazichoma pamoja na vyungu. Nyingine zilipasuka motoni, nikafinyanga tena. Watoto walizishika macho wamefumba, kidole kikizunguka ukingo, mpaka mkono ukajua kabla ya jicho. Sikufundishwa na mtu jambo hili, na sijui kama ndivyo inavyopaswa. Naeleza tu nilivyofanya.

Kila siku niliandika katika daftari mtoto gani amefanya nini. Jioni nilikwenda kwa wifi yangu, mamake yule binti, nikamsomea. Yeye hakujua kusoma, na kaka yangu siku nyingi alikuwa mtoni akipiga kafi kupeleka mpunga Kau. Tulicheka sana.

"Leo umeandika nini juu yangu, wifi?" aliniuliza. "Kwamba nakula kama kiboko?"

"Hilo halihitaji kuandikwa. Linaonekana."

Ukurasa alioupenda kuliko yote ulikuwa wa siku ya kwanza ya binti yake. Nilimpa herufi tatu za udongo nikamwuliza ni nini. Ya kwanza akaigeuza kichwa chini, akasema, "Hii ndoana." Ya pili, "Hii pembe za ng'ombe." Ya tatu akainusa, akasema, "Hii haijaiva." Wifi alicheka mpaka akashika ubavu. Kila mara alitaka nirudie.

Kisha akaja mkubwa wa misheni kutoka pwani, akaliona jamvi, akauliza hawa wanafanya nini nje. Hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: nitarudi mpunga ukianza kuiva, mmoja wao akinisomea ukurasa mmoja, jamvi litabaki, asipopatikana hata mmoja, warudi makwao wakasaidie wazee wao.

Kwa wengine kurudi nyumbani si kitu. Kwa yule wa kifafa, nyumbani maana yake ni dungu, kile kitanda cha miti mirefu kinachosimama katikati ya shamba, mtoto hukaa juu yake kutwa na kombeo akifukuza ndege. Alikwisha kuanguka kutoka huko mara moja. Maji ya mto yalikuwa bado shambani, akaangukia tope. Mpunga ukiiva, tope lile huwa gumu kama sakafu.

Basi tumaini langu lote likawa kwa binti wa kaka yangu. Na alisoma! Siku moja aliushika ukurasa akausoma wote, polepole, kidole chake kikichora kila herufi pajani. Nilikimbia mpaka kwa wifi, nikamkuta kinuni.

"Wifi, amesoma! Huyu mtoto atafika mbali!"

Aliusimamisha mchi. Akasema, "Haya." Akaendelea kutwanga.

Usiniulize nilikuwa wapi na macho yangu. Siku ile niliandika: Wifi amefurahi.

Siku ya mtihani wifi alinialika uji kwake. Alimsuka binti nywele, na mimi akanipa kipande cha samaki kikubwa kuliko chake. Tulikula katika sahani moja.

Mkubwa wa misheni alikaa kitini mbele ya jamvi. Binti akapewa kitabu. Akakitazama, hakufungua mdomo. Nikadhani ni woga. Nikamwomba yule bwana ruhusa, nikampa mtoto herufi zetu tatu, zile alizozijua hata gizani.

Ya kwanza akaigeuza kichwa chini. "Hii ndoana," akasema.

Ya pili. "Hii pembe za ng'ombe."

Ya tatu akainusa.

Hakunitazama. Bwana mwalimu alicheka, mkubwa hakucheka. Mtoto asiyejua hukosea leo hivi na kesho vingine, na madaftari yangu yamejaa makosa ya namna hiyo. Huyu alikosea makosa ya mwaka uliopita, yote, kwa mpango wake. Na ukurasa ule nilimsomea mtu mmoja tu.

Nilimkuta wifi anapepeta. Hakujificha, hilo nampa.

"Wewe ndiye uliyemfundisha."

"Ndiye mimi."

"Asubuhi tumekula sahani moja, wifi!"

"Ulitaka nikunyime uji?" Akaweka ungo chini. "Ulikuja hapa unakimbia, unaniambia atafika mbali. Mbali ni wapi? Dada yake alifika mbali. Nionyeshe aliko."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeandika."

Nikamtajia mtoto wa kifafa. Akainamisha kichwa. "Huyo namwonea huruma," akasema, "lakini sikumzaa mimi."

Mtumbwi wa mkubwa ulikuwa uondoke siku ya pili yake. Nilikwenda ukingoni na daftari kwapani. Ushahidi wote ulikuwamo, ukurasa wa kwanza na ukurasa aliosoma. Ningemfungulia tu, jamvi lingebaki, na wa kifafa angebaki chini. Na binti? Huenda wasingemchukua. Sikujua. Yule bwana alikwisha kuingia mtumbwini aliponiona.

"Una neno, mama?"

Nikasema, "Safari njema, bwana."

Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema. Niliyemlinda ni mtoto ambaye mamake amenidanganya, na niliyemwacha hakunikosea kitu. Wifi alikuwa na sababu, nimeipima mara nyingi na kila mara naikuta ina uzito. Lakini alicheka pamoja nami jioni zote zile, na kicheko changu ndicho alichokitumia. Hilo halijanitoka.

Jamvi nililikunja siku ileile. Nikaenda kwa babake mtoto wa kifafa, nikamwambia dungu nitalipanda mimi. Akasema, "Mama mwalimu, umekuwa mtoto?" Nikamwambia mwanawe atakaa chini aniokotee vidongo vya kombeo. Alicheka, akakubali. Mavuno yale nilikaa juu mimi, mtu mzima na magoti yangu, napiga kelele kufukuza ndege, naye chini kivulini amepanga herufi za udongo miguuni. Alianguka mara mbili. Alianguka kutoka alipokaa, akaamka.

Mchana binti wa kaka yangu alituletea chakula. Alisimama akizitazama zile herufi, mimi nikatazama ndege.

Kwa wifi bado nakwenda. Tunasalimiana, tunaulizana hali, anapakua nakula. Akiniona na daftari huuliza kama zamani, "Leo umeandika nini?"

Namwambia, "Ndege."