Barua ya Saa Kumi

Mimi ni mwoga. Sisemi hivyo ili nionewe huruma, nasema mapema ili usije ukanishangaa mbele. Wengine huogopa nyoka, wengine askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji. Mimi naogopa kusema. Nikiwa na jambo zito la kumwambia mtu, ulimi unakauka, na mwishowe najikuta namwuliza habari za watoto wake. Ndiyo maana niliupenda sana mtandao ule wa zamani, uliokuwa wa polepole.

Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni. Tulikaa kitongoji cha Lindi, ndani ya mtaa wa Kibera, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: upande wa ndani baba na mama, upande wa mlangoni mimi. Kila asubuhi nilitembea hadi mtaa wa Kawangware, sehemu iitwayo Kabiro, ambako nilikuwa na meza na cherehani kwenye kibanda cha kushonea sare za shule. Baba alikuwa fundi wa mawe. Mwaka huo figo zilianza kumgomea. Alivimba miguu, kisha uso, na mtu aliyezoea kubeba mfuko wa saruji begani akawa anashika ukuta ili afike mlangoni.

Mdogo wangu, mtoto wa kiume pekee wa mama, alikuwa ng'ambo akisomea uhandisi, mwaka wake wa mwisho. Karatasi zake zilimruhusu kuingia nchi ile mara moja tu. Akitoka kabla ya kumaliza, hangeweza kurudi. Siku daktari alipotuambia kwamba baba hatapona, mama alinivuta kando, tukiwa bado kwenye lango la hospitali.

"Wewe ndiye unaandikanga hizo barua za kompyuta," aliniambia. "Usimwambie kitu. Huyo mtoto namjua. Akisikia tu, atawacha masomo akuje mbio. Na akikuja amepoteza kila kitu, na itakuwa ni wewe umempotezea."

Mama hakuwa mtu wa kurudia neno. Nilimwogopa nikiwa na miaka saba na nilimwogopa nikiwa na thelathini na moja. Nikaitikia.

Ofisi ya barua niliichagua Kawangware makusudi. Ile ya Kibera ilikuwa ubavuni mwa kanisa letu, na ningekutana pale na wenzake mama wa kwaya. Hii ya Kawangware ilikuwa chumba cha kupiga chapa, kutoa fotokopi na kupiga simu, na kompyuta moja iliyokuwa na barua pepe. Mpiga chapa alikuwa dada mmoja mwenye miwani, mpenda njugu, asiye na maswali mengi. Sisi wateja hatukugusa mashine. Ulimpa karatasi yako uliyoiandika kwa mkono, yeye akaipiga chapa, akaiweka ndani, nayo ikangoja. Kompyuta ilipiga simu mara mbili tu kwa siku, saa sita mchana na saa kumi jioni, kwa sababu laini ilikuwa moja na watu waliihitaji kwa kuongea. Ila barua za kwenda ng'ambo zilitoka saa kumi tu. Saa hiyo ikifika, dada alichomoa waya kwenye simu, akauchomeka kwenye kisanduku kidogo, kikaanza kulia kama kuku aliyekanyagwa. Kikanyamaza. Kikalia tena. Laini ikikatika alianza upya bila hata kuguna. Hapo ndipo barua zote ziliondoka kwa pamoja.

Watu walilalamika kwamba ni kungoja kusikoisha. Mimi kungoja kule ndiko nilikokuwa nikikufuata.

Kila Ijumaa niliandika barua mbili. Ya kwanza nilimwachia dada asubuhi nikielekea kushona, nayo ilikuwa kweli tupu: baba anakufa, uso wake umebadilika, anakutaja kila akiamka, njoo. Kisha nilikaa kwenye cherehani kutwa nzima nikijua kwamba maneno yale yako ndani ya mashine, yamepigwa chapa, yamekamilika, na kifua changu kinakuwa chepesi. Saa tisa na nusu nilirudi na karatasi ya pili.

"Itoe ile," nilimwambia. "Weka hii."

Ya pili ilisema baba hajambo, anakusalimu, mvua imenyesha, soma kwa bidii. Hiyo ndiyo iliyoondoka saa kumi. Ijumaa ya kwanza dada alinitazama juu ya miwani. Kufika ya tatu alikuwa akiniona mlangoni anauliza tu, "Kama kawa?" nami namjibu, "Kama kawa." Najua ni wazimu. Lakini wako watu wanaokwenda kuungama kanisani, na hakuna anayewaita wazimu.

Halafu baba akalazwa, nikapitisha Ijumaa mbili bila kuandika. Niliporudi nilikuta antena mpya juu ya paa la ile ofisi na karatasi kubwa mlangoni: INTANETI YA KASI. Niliisoma yote. Nilifikiri, vizuri, sasa kuku atalia kwa muda mfupi. Kwangu mimi kasi ilikuwa na maana kwamba safari ya saa kumi itakuwa fupi. Haikunijia hata kidogo kwamba saa kumi yenyewe imeondolewa.

Ndani kulikuwa na watu wengi waliokuja kujionea. Nilimkabidhi dada karatasi juu ya vichwa vyao nikaondoka. Na barua ya siku hiyo ilikuwa kali kuliko zote, kwa sababu baba alikuwa ameanza kuniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Niliandika: ukitaka kumwona akiwa hai, njoo mwezi huu. Mama ndiye aliyenikataza kukuambia.

Saa tisa na nusu nikarudi na ile ya mvua.

"Itoe ile, weka hii."

Dada aliacha kutafuna. "Ile haiko tena," alisema. "Ilienda asubuhi."

"Ilienda wapi?"

"Ilienda, sister. Siku hizi hatupigi simu. Laini iko on siku yote, nikibonyeza tu imefika." Alivua miwani. "Watu walikuwa wengi, nikasahau yako ni ya kungoja. Woiye, pole."

"Irudishe."

"Haiwezi rudi."

Nilikaa kwenye benchi la wateja, nikayaona yote kwa mpigo: mdogo wangu akifunga sanduku, mdogo wangu akishuka uwanja wa ndege na sanduku hilo hilo, mama akinitazama. Niliogopa kiasi kwamba nilifikiria kutokwenda nyumbani kabisa. Ningelala wapi, sikujua. Niliomba Mungu barua ipotee njiani, kama zile za posta zilivyokuwa zikipotea. Hata hilo lilikuwa jambo la zamani.

Zamani, baada ya kosa kama hilo, ningekuwa na usiku mmoja angalau wa kujipanga. Sikupewa hata nusu saa.

"Kuna kitu imeingia," dada alisema. "Ni yeye."

Sikutaka kuisoma. Nilimwambia aitoe kwenye karatasi, nikatoka nayo nje, nikasimama nyuma ya ofisi palipokuwa na mapipa ya maji, nikaisoma nikiwa nimeegemea ukuta. Ilikuwa fupi. Naikumbuka yote.

"Nimesoma. Nilishahisi, barua zako zilikuwa na furaha kupita kiasi. Siji. Nikija sitarudi huku, na mimi siwezi tena kuishi Lindi. Usimwambie mama kwamba najua. Mwache aamini sijui."

Nilirudia kuisoma nikitafuta mahali alipouliza habari za baba. Hapakuwepo. Uoga wote niliokuwa nao ulikuwa wa mtu anayekuja, na mtu huyo hakuwepo. Ningetegemea kupumua. Badala yake niliogopa zaidi, maana sasa nilikuwa nimeshika jambo ambalo likimfikia mama litamwua kabla ya baba. Nilirudi kibandani, nikachukua mkasi wa kazi, nikaikata ile karatasi vipande vidogo visivyoshika hata neno moja zima.

Nilitembea hadi Kibera nikijizoeza uso. Mama alikuwa akichambua mboga mlangoni.

"Umemwandikia?"

"Nimemwandikia."

"Hukumwambia?"

"Sikumwambia."

"Vizuri," alisema. "Huyo angekuja mbio."

Baada ya hapo nilipita kwenye ile ofisi kila siku, si Ijumaa peke yake. Nilijiambia kwamba mdogo wangu naye amefanya kama mimi, ameandika la moyoni akitegemea kulitoa, na mashine ikalibeba. Labda huko aliko naye alikuwa ameinamisha kichwa akiomba irudi. Nilimngojea aandike ya pili, ile ya mvua. Aliandika, ndiyo. Aliandika kwamba mitihani inakaribia, kwamba kuna baridi, msalimie baba. Nami nikamjibu kwamba baba hajambo. Barua hizo zilikwenda na kurudi siku moja, mara nyingine saa moja, na kila moja ilikuwa uongo kutoka pande zote mbili.

Baba alifariki kabla mwezi haujaisha.

Kabla ya kumsafirisha nyumbani kuzikwa, mkoa wa Magharibi, tulikaa matanga pale Lindi, viti vya kanisa vikiwa vimepangwa uchochoroni. Jumapili mchana yule dada wa miwani alikuja. Sikumwalika. Nadhani aliniulizia kibandani akaambiwa. Alikaa kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani. Duniani kote watu watatu walijua, na mmoja wao alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwa mama yangu.

Mama alisimama kushukuru watu. Sauti yake haikutetemeka. Alisema mumewe alikuwa mtu wa kazi. Akasema wengi wamemwuliza kijana yuko wapi, na hataki kijana ahukumiwe.

"Huyo mtoto hakujua," alisema. "Ni mimi nilikataa aambiwe. Kosa ni yangu. Angejua, angekuja."

Wazee wakatikisa vichwa. Dada wa miwani aliinamisha uso akaanza kuufungua na kuufunga mkoba wake. Mama akanigeukia mimi, mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona kwamba naye anaogopa.

"Si ndiyo?" aliniuliza. "Si angekuja?"

Sikuwa na barua ya pili mfukoni, wala saa tisa na nusu ya kurudi.

"Angekuja, mama," nikamjibu hapo hapo. "Angekuja mbio."