Wazazi wa Bwawa Langu

Kwetu Kivu ya Kusini, baba mkwe hawekewi samaki mdogo. Anapewa mkubwa kuliko wote, mzima, pamoja na kichwa chake. Vitani tuliacha mbuzi na mashamba, lakini adabu hiyo tulikuja nayo hadi Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na hapa ikaanza kutuharibia mabwawa ya samaki.

Vifaranga vya samaki aina ya ngege tulivinunua Ruti, Mbarara, kwa mfugaji aliyewazoesha samaki wake maji safi na chakula cha dukani. Bwawa langu lina tope, kiangazi maji yanashuka hadi magotini, na chakula ni pumba. Wengi walikufa. Wachache waliyaweza maji yetu wakanenepa, na hao ndio niliotaka wazae. Majirani, kila akija mgeni wa heshima, walivua wanene wakawaachia dhaifu kazi ya kuzaa. Samaki wao wakazidi kuwa wadogo, nao wakalaumu maji ya Nakivale. Maji! Niliudhika mpaka nikacheka.

Siku baba mkwe alipotutembelea kutoka Biharwe, mume wangu alishika wavu.

"Tumupe baba ile kubwa."

"Ile hapana. Ile njo mama ya bwawa."

"Sasa nitamuambia nini?"

"Mimi mwenyewe nitamuambia."

Nilimnyang'anya wavu, nikavua wadogo, nikawakaanga kwa nyanya na kitunguu. Mzee aliitazama sahani, kisha akanitazama mimi.

"Mama, mu hii nyumba hakuna samaki ya muntu muzima?"

"Iko, baba. Inabakia mu maji, izale."

Aliisukuma sahani akaondoka na njaa yake. Jumapili kanisa zima lilijua kwamba mimi ni mchoyo. Iliniuma, maana mzee yule nilimpenda. Mume wangu alinuna, akaniambia nipeleke samaki mkubwa Biharwe, niombe msamaha.

Biharwe nilikwenda, lakini baada ya yule samaki mama kuzaa, na msamaha sikuomba. Nilimkuta mzee uani, nikaweka mbele yake ndoo ya vifaranga hai. Akachungulia ndani.

"Baba, hizi ni batoto yake," nilimwambia. "Muchimbe bwawa kule mu bonde. Maji ya huku ni ingine, zenye zitaikubali muziache zizale. Na siku nitakuya kuwatembelea, munipikie ile ndogo."