Siku ya tamasha la mtaa nilipojificha posho mill, na mama mkwe akaja kujificha hapo hapo

Wakuu, heshima zenu. Hii niliyoleta haina chumvi. Kama kuna mtu wa mtaa wetu hapa Kisii anasoma, anyamaze tu, maana alikuwepo na alicheka vya kutosha.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumba. Nikifunga duka narudi moja kwa moja, navua viatu, na hapo siku imeisha. Harusi natuma salamu. Mazishi naenda, lakini nakaa karibu na geti. Mke wangu, Mama Kemunto, akiulizwa niko wapi hahitaji hata kupiga simu.

Sasa, mtaa wetu una tamasha la muziki kila mwaka. Linafanyika Jumapili alasiri. Jumamosi nusu ya mtaa iko Sabato, Jumapili asubuhi ile nusu nyingine iko misa. Hiyo alasiri ndiyo saa pekee Mungu ametuachia sisi sote pamoja.

Kuna kwaya. Kuna obokano, ile zeze yetu kubwa inayonguruma kama fahali mwenye kinyongo. Halafu kuna mashindano ya densi ya mabega, ploti kwa ploti, yaani wapangaji wa ua mmoja dhidi ya wa ua mwingine.

Mwaka huu zawadi ya densi ilikuwa tangi la maji.

Watu wa ploti yetu waliposikia hivyo, waligeuka kutazama mitungi yao. Sisi maji tunateka mtoni na kupanda nayo ule mteremko wa matope. Hapo niliposema "tunateka", naomba msimwulize Mama Kemunto.

Kapteni wetu ni jirani yangu Nyakundi, mwenye posho mill, kile kinu cha kusaga mahindi, pale kando ya uwanja. Siku chache kabla ya tamasha, mchezaji wake mmoja akaanguka na pikipiki, kifundo cha mguu kikavimba kama embe. Na sheria ni kwamba bila watu wanane hamwingii uwanjani. Nyakundi akazunguka ploti yote akitafuta mwanaume mzima, mwishoni akanitazama kama mtu anayetazama viazi vilivyobaki chini ya gunia.

Nilikataa. Mke wangu akaweka mtungi mtupu mbele yangu.

Nikakubali. Lakini nikamuuliza jambo moja: mama yake atakuwa wapi siku hiyo?

Wakuu wa mbali, niwaeleze. Kwetu kuna kitu tunaita chinsoni. Ni ile heshima ya kuoneana haya kati yako na wazazi wa mke wako. Na mama mkwe ndiye kilele. Wengine hata mkono hawapeani. Sasa umtingishie mabega mbele yake, kifua wazi? Hiyo sijui ingeoshwa na mbuzi wangapi.

Mama Kemunto akacheka. Akasema mama yake yuko Sironga, ni Msabato wa benchi la mbele, ngoma za Kisii atazifuata kwa nini.

Alisema kweli kwa kadiri alivyojua. Asichojua ni kwamba akina mama wa Sironga walikuwa wamealikwa kutumbuiza, na mwimbishaji wao alikuwa amemficha hata binti yake.

Siku ikafika. Tukavaa ndani ya posho mill, ambayo Jumapili haisagi, na vikundi vya wageni pia viliacha mikoba yao humo. Nikatoka na ngozi ya mbuzi kiunoni, njuga miguuni, kifua wazi. Tumbo lilinitangulia kama kiongozi wa maandamano.

Tukapanga mstari. Nikainua macho. Ng'ambo ya uwanja, mbele ya akina mama wa Sironga, kuna mtu na firimbi mdomoni anapasha mabega moto. Kile kitambaa cha kichwa ni mimi nilikinunua Krismasi, nikamtumia mama mkwe.

Nilikimbia, wakuu. Mtu mwenye njuga hawezi kukimbia kwa siri. Nikaingia posho mill, nikarudisha mlango.

Huku nyuma MC akaanza kusoma majina yetu kwa spika. Mama mkwe akasikia langu, lote, na la baba yangu. Akajua sasa naingia uwanjani. Naye akatafuta pa kujificha.

Mlango ukafunguka.

Mashine iko katikati. Mimi nikaruka upande huu, yeye akabaki upande ule. Tukapeana mgongo. Njuga zangu ndizo zilichelewa kunyamaza.

"Baba Kemunto," akauambia ukuta wake. "Si wewe hutokangi nyumbani."

Nikaujibu ukuta wangu. "Mama, na wewe niliambiwa huchezangi."

Huko nje Nyakundi amenyang'anya MC maiki, anasema mtu wa nane kama alizaliwa, aje.

Nikamweleza taratibu kwamba nisipotoka, ploti inakosa tangi. Akauliza maji kwetu hubebwa na nani.

"Ni binti yako, mama."

Nikasikia gunia likisogezwa.

"Enda ucheze," akasema. "Mimi niko hapa nahesabu magunia. Ukimaliza, rudi uhesabu na wewe."

Nikacheza. Sitajisifu. Nilicheza kama mtu aliyetoroka.

Kisha nikarudi, nikaupa mlango mgongo mpaka akatoka. Na hapo ndipo nilimsikia akiwaimbisha wenzake. Miaka yote hii namjua kwa "mmeamkaje huko" tu. Kumbe ana sauti ya kutetemesha mabati! Nilikaa juu ya gunia, mtu mzima, njuga mguuni, macho yakaniwasha. Tuseme ni unga.

Tangi tulipata. Liko nje ya dirisha langu, na watoto wa ploti wanaligonga usiku na mchana.

Jioni ile mke wangu akaniletea salamu za mama yake. Anatupongeza kwa tangi. Yeye hakuona chochote, alikuwa na magunia yake. Ila nikirudi kucheza mwakani, huo mguu wa kushoto unachelewa.

Funzo nililopata: kabla ya kumwachia mama mkwe magunia ahesabu, angalia kama mlango una nyufa.

Nyinyi wenye wakwe wa karibu mnaishije nao? Tiririkeni hapa chini. Nyakundi, wewe soma tu.