Mkeka wa Lijenwa

Limaro aliusuka ule mkeka miezi minne, kwa majani laini kabisa ya mkadi, na kila jioni alijilaza juu yake apime urefu. Binti yake, Lijenwa, alikuwa na miaka kumi na miwili meli ya serikali ilipomchukua kwa sababu ya ukoma na kumpeleka kisiwa cha wagonjwa. Miaka mitatu sasa, barua hakuna, salamu hakuna. Jirani yake Litokwa alimtania: "Wewe, unamsukia mtoto au mnazi?" Limaro akacheka, akaongeza shubiri moja.

Kisiwa chetu cha Enerik kilikuwa chini ya udhamini. Yaani Wamarekani walitutawala, na kila baada ya miaka mitatu Umoja wa Mataifa ulituma wageni kutuuliza kama tunatawaliwa vizuri. Walituuliza kwa saa mbili, wakala, wakapanda meli yao.

Chifu Lajibwa alimwahidi Limaro kwamba habari za mtoto atazisema yeye. Kwetu ndivyo ilivyo. Mbele ya wageni chifu ndiye mdomo wa wote, na mtu akiongeza neno baada yake amemwaibisha hadharani.

Siku ilipofika chifu alisema mengi, na vizuri. Alisema kuhusu meli inayochelewa, shule isiyo na paa na dawa zilizokwisha. Kisha akaketi. Lijenwa hakumtaja. Limaro alikuwa kule nyuma, mkeka mapajani.

Mgeni mkuu, mzee mpole kwa kweli, aliuliza kama yupo mwingine mwenye la kusema. Watu wakatazama chini. Mkalimani Jabuk, aliyeijua habari yote, akamgeukia.

"Mama Limaro, anakuuliza na wewe. Sema tu, mimi nitamfikishia."

Chifu naye alimtazama, anatabasamu, hana habari kwamba amesahau.

"Chifu ameshasema yote," Limaro akajibu.

Wakati wa kuaga, wanawake walijipanga na zawadi zao. Limaro alikuwa ameujia mstari ule na maneno yake tayari: mpelekeeni mwanangu. Sasa, kwa kuwa chifu hakumtaja mtoto, maneno hayakuwa na pa kupita. Mzee yule akanyoosha mikono miwili, akaupokea mkeka, akashukuru sana.

Meli ilipokwisha potea machoni, chifu akaja nyumbani kwa Limaro kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo machifu hawalifanyi.

"Mbona hukunikumbusha?"

"Mbele ya wageni, Chifu?"

Chifu akageuka, akaondoka.

Asubuhi Limaro alikwenda kukata majani ya mkadi. Wageni wangerudi baada ya miaka mitatu. Aliuanza mkeka mwingine, na huu aliuanza mrefu zaidi.