Mtihani wa Kitabu Kichwa Chini

Hapa Ilula, kama hujawahi kudharauliwa na Mwalimu Severina, basi hujapeleka mtoto shule. Miaka yote aliyofundisha darasa la awali, mama huyu hajakutana na mzazi mwenye akili. Baba akija na suti yake ya kanisani, kwa Severina ni debe tupu. Mama akija na mtoto anayeimba a-e-i-o-u bila kupumua, Severina anabinua mdomo. "Huyo kasuku mmemnunua wapi?"

Na tuseme haki, kasuku walikuwepo. Wazazi wa siku hizi, loo! Wanamkaririsha mtoto ukurasa mzima, kisha wanakuja kujitapa shuleni eti mwanangu anasoma. Severina aliwachoka. Ndipo akajitungia mtihani wake mwenyewe, akauringia kweli kweli. Kila Novemba, kabla hajaamua nani apande darasa la kwanza na nani abaki, alimwita mtoto mmoja mmoja mezani, akamkabidhi kitabu kichwa chini miguu juu. Hasemi kitu, anatazama tu. Mtoto anayeyajua maandishi, alisema, atakigeuza kabla hajafungua mdomo. Asiyegeuza hajui herufi wala picha, na abaki awali mwaka mwingine.

"Mambo ya semina sitaki," aliwaambia walimu wenzake. "Kitabu kimoja tu kinanitosha kumjua mtoto."

Wenzake walicheka naye, maana ukithubutu kumcheka yeye, utajuta.

Basi Novemba hii ikafika zamu ya Ruwaida, binti mdogo wa Rukia muuza nyanya, anayeitwa pia Mama Yasmini kwa jina la binti yake mkubwa. Na wauza nyanya, kwa Severina, ndio waliokuwa wa mwisho kabisa. Watu wa kukimbizana na mabasi barabarani, mtoto wao atakijulia wapi kitabu? Ruwaida akaingia, akapiga goti, akatoa shikamoo, akakipokea kitabu kwa mikono miwili. Akakaa nacho vilevile, kichwa chini, macho ameyainamisha.

Severina akaguna. "Hamna kitu hapa. Kamwambie mama yako unabaki na mimi."

Mtoto alilia njia nzima hadi barabarani kwa mama yake. Rukia si mtu wa ugomvi, lakini siku hiyo alimwachia binti yake mkubwa ndoo zake, akamshika mtoto mkono, akarudi naye shuleni hata ushungi haujakaa sawa.

"Kamwene, Mwalimu," alisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Mama Yasmini, usije kunililia hapa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu wako hajui hata kitabu kinashikwaje."

"Huyu anasoma, Mwalimu."

"Wote wanasoma! Ilula nzima inasoma, kiziwi ni mimi!" Severina akafungua kabati, akatoa kitabu kipya ambacho hakuna mtoto pale aliyewahi kukiona. Akakipindua kwa makusudi, ili mama ajionee aibu yake kwa macho yake, akampa Ruwaida. Ruwaida akakipokea kwa mikono miwili, akakaa nacho vilevile.

"Umeona?" alisema Severina, na sauti yake ilikuwa tamu.

Rukia akamwinamia mwanawe. "Mbona hukigeuzi?"

"Kanipa Mwalimu," mtoto alinong'ona.

Rukia akanyanyuka taratibu. "Mwalimu, kwangu kitu ulichopewa na mkubwa hukigeuzi mbele yake. Ukikigeuza umemwambia amekosea. Watoto wangu nimewafundisha hivyo kwa fimbo." Kisha akamgeukia mtoto. "Kigeuze, mwanangu. Leo nimekuruhusu."

Ruwaida akakigeuza. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. "Sungura... ana... kiu. Ana... anakwe..." Akakwama, akarudi nyuma, akaligonga tena lile neno mpaka likakubali. "Anakwenda mtoni." Kasuku hakwami namna ile, na Severina alilijua hilo kuliko mtu yeyote Ilula.

Lakini kiburi hakifi siku moja. "Nani kakufundisha?" aliuliza, tayari kumtukana mwalimu wa tuisheni.

"Dada Yasmini."

Severina alimkumbuka Yasmini. Goti lilelile, mikono miwili ileile, macho chini. Mwaka wa kwanza alimbakiza awali. Mwaka wa pili akambakiza tena, akamwita kichwa cha panzi mbele ya wenzake, nao wakacheka kwa sababu Mwalimu amecheka. Mwaka wa tatu mtoto hakuja, na Severina hakumuuliza mtu yeyote. Alisema afadhali, dawati limepatikana.

"Yasmini alijua kusoma tangu mwaka ule wa kwanza," alisema Rukia. "Akija nyumbani anasema, mama, mimi najua. Mimi nikakuamini wewe, Mwalimu. Mwanangu nikamwona mwongo, nikampiga."

"Mama Yasmini..."

"Huyu nitamleta Januari. Yule mwingine yuko barabarani na ndoo zangu, kamlete wewe."

Severina akatoka hivyohivyo, chaki mikononi, akashuka mpaka barabarani. Mwanamke aliyekuwa na jibu la kila mzazi, njia nzima anatafuta neno moja la kumwambia mtoto, halipati. Basi la Mbeya lilikuwa limesimama, na wauzaji wamelizingira. Yasmini, mrefu sasa, alikuwa ameinua ndoo ya nyanya hadi dirishani. Severina akamwita. Msichana akaja mbio, akapiga goti na ndoo yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja... nilikuwa nataka..."

Yasmini akasubiri kwa adabu, jicho moja kwa mwalimu, jicho moja kwenye basi. Injini ikanguruma.

"Unanunua, Mwalimu?" aliuliza. "Basi linaondoka."